Kuficha import si kutengeneza

Wandugu, kuna ushauri tunaopeana kila mara mtu akikwama na Python, na leo naupinga. Faili mbili zikiitana mpaka programu ikakataa kuwaka, tunaambiana: chukua ule mstari wa `import`, uuweke ndani ya fanksheni, basi, imekwisha.

Haijaisha. Yalinikuta mimi mwenyewe.

Nilitengeneza programu ya Flask kwa shule moja hapa Likasi, ya kuwatumia wazazi matokeo kwa SMS. Mtandao wetu munaujua. Mwalimu hawezi kukaa akitazama ukurasa mpaka mesaji zote ziende, kwa hiyo kazi ya kutuma nikaiachia Celery iifanye pembeni. `app.py` iliita `tasks.py` ili kuagiza kazi. `tasks.py` nayo iliita `app.py` ili kupata hifadhidata. Duara tayari.

Python inasoma faili toka juu kwenda chini. Ikikuta `import`, inaacha kwanza ilipofika, inaenda kusoma faili ile nyingine. Sasa `tasks` ikirudi kuomba `db` kwa `app`, inakuta `app` imesomwa nusu na `db` bado haijaundwa. Kosa linatoka palepale.

Nikafuata ushauri, kosa likapotea. Baadaye nikahamisha `db` kwenye faili nyingine, nikasahau ule mstari niliouficha. Seva iliwaka vizuri. Woka wa Celery naye aliwaka vizuri. Ukurasa ukamwambia mwalimu kazi imepokelewa. Lakini kila kazi ilianguka saa ya kufanywa, na wazazi wa Kikula na Panda wakasubiri siku mbili bila mesaji hata moja.

Hilo ndilo shitaka langu. `import` iliyo juu ya faili inapiga kelele programu inapowaka, wakati wewe uko mbele ya mashine. Iliyofichwa inangoja mpaka kazi ifanywe, wewe umelala.

Kule Shinkolobwe mashimo ya mgodi yalizibwa kwa zege, watu wakachimba pembeni, na mwaka 2004 ardhi ikaporomoka, ikaua. Silinganishi roho za watu na programu yangu. Ila sisi wa huku tunajua kwamba kuziba mdomo wa shimo si kuondoa shimo.

Dawa ni kuuliza: nani anamhitaji nani? `db` iwe na faili yake, ambayo haiiti faili yetu nyingine yoyote. `tasks.py` iite hiyo tu, na kazi ziandikwe kwa `shared_task`, ambayo haidai `app` iwepo kwanza. Kurasa ziite `tasks`. Mwishoni `create_app` iunganishe vyote. Mishale yote inaelekea upande mmoja.

Wengine wanatumia `send_task`, wakiita kazi kwa jina lake tu. Inakata duara kweli, lakini ukikosea herufi moja, unajua tu woka akishaikataa. Ni ugonjwa uleule.

Sisemi `import` ndani ya fanksheni ni dhambi. Kwa maktaba nzito unayoitumia mara moja moja, ina maana. Lakini kama umeiweka pale ili kosa linyamaze tu, andika juu yake sababu, na tarehe ya kurudi kuitengeneza. Mimi sikuandika.