Tuzo ya DAISY na Sifa za Muuguzi

Tuzo ya DAISY, wanayopewa wauguzi wa hospitali nyingi za Marekani na nchi nyingine, ilianzishwa na familia ya J. Patrick Barnes, aliyefariki mwaka 1999 akiwa na umri wa miaka 33 baada ya kuugua maradhi ambamo kinga ya mwili hushambulia chembe sahani, yaani vijichembe vinavyosaidia damu kuganda. Ustadi wa wauguzi uliwaridhisha ndugu hao, lakini kilichowakaa moyoni zaidi ni upole wa wauguzi hao, waliomgusa kwa huruma na kuzungumza naye hata alipokuwa akipumua kwa mashine, amelazwa usingizi wa dawa.

Anayetunukiwa hupewa sanamu ya jiwe iliyochongwa kwa mkono na wasanii wa Kishona wa Zimbabwe, na wodini huletwa mikate ya mdalasini, kwa sababu Patrick, ambaye hamu ya kula ilikuwa imemtoka, alionja mkate wa baba yake, akaupenda, kisha akaagiza aletewe wake pamoja na ya kuwatosha wauguzi wote.

Uzito wa tuzo hii, bila shaka, umo katika uteuzi wenyewe, kwani mgonjwa, jamaa zake au wafanyakazi wenzake huandika jambo mahususi alilolitenda muuguzi, na hivyo huingia katika kumbukumbu za hospitali matendo ambayo faili la matibabu haliyataji, kama vile kumshika mkono mwenye hofu usiku wa kuamkia upasuaji.