Fundi Anayeihoji Testa Yake

Nyumba nyingi za Kabeza, mtaa wa Kigali, hazikujengwa kwa mkupuo. Mwenye kiwanja alianza na vyumba viwili, akaongeza sebule, kisha akainua vyumba vya uani vya kupangisha, maana uwanja wa ndege wa Kanombe uko jirani na wapangaji hawakosekani. Kila awamu ilikuwa na fundi umeme wake, na kila fundi alivuta waya kutoka pale alipoukuta umeme karibu. Kwa hiyo soketi ikifa uani, ugonjwa unaweza kuwa sebuleni, nyuma ya kabati. Hapo ndipo mafundi hutofautiana.

Fundi wa haraka hufika na soketi mpya mfukoni. Anafungua, anafunga, anachukua chake, na mwezi haujaisha unampigia tena. Huyu ninayemsifu, wa Kabeza hapo hapo, huanza kwa kuuliza. Kwanza yuniti za Cash Power, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa sababu ameshaitwa mara kadhaa kutengeneza nyumba ambayo umeme wake umekwisha tu. Kisha: "Mama, ilizima ghafla au ilikuwa ikikatakata? Breka iliruka? Hukusikia harufu?"

Kwa mama mmoja ambaye soketi yake ya uani ilikuwa imekufa, breka haikuruka. Harufu ilikuwepo, tena ya samaki, na mama alidhani jirani anakaanga sambaza. Fundi akatikisa kichwa. Plastiki ya soketi ikiungua polepole, mara nyingi hunuka hivyo hivyo.

Alipotoa testa hakuigusisha soketi iliyokufa. Aliijaribu kwanza kwenye soketi nzima, ikawaka. Akaipeleka kwenye ile mbovu, kisha akairudisha kwenye nzima, ikawaka tena. Testa iliyokufa nayo haiwaki, na mtu anayeamini giza lake anaweza kushika volti 230 kwa vidole vyake mwenyewe. Mafundi wengi wanaijua kanuni hii. Wanaoifuata saa kumi jioni, njaa ikiuma, ni wachache.

Kwenye soketi mbovu testa iliwaka tundu la kushoto, na ikawaka la kulia pia. Asiyejua angesema umeme umezidi. Fundi aliomba vifaa vyote vya upande ule vichomolewe na taa zizimwe. Mwanga wa tundu moja ukafifia, ukatoweka. Basi, nyutro ilikuwa imeachia mahali. Moto ulikuwa ukiingia kwa waya wake, ukipita ndani ya kifaa kilichochomekwa, ukikosa njia ya kurudi, na nyutro yote ya mbele ikabaki na moto. Ndiyo maana soketi "isiyo na umeme" inaweza kukurusha vizuri sana.

Hakuchimba ukuta. Kati ya breka na chumba cha uani kuna maungio kadhaa, naye alizima breka, akafungua lile la katikati, akapima. Hapo nyutro ilikuwa imekatika tayari, kwa hiyo nusu yote ya mbele akaisahau, akarudi nyuma, mpaka kwenye soketi ya sebuleni iliyo nyuma ya kabati.

Ukuta ule ni wa rukarakara, yaani matofali ya udongo yasiyochomwa, uliopigwa lipu ya saruji. Boksi la soketi lilikuwa limelegea kwenye udongo, na kila plagi ilipochomolewa, boksi zima lilifuata nusu inchi na kuvuta waya. Skrubu ya waya wa bluu ilikuwa imelegea, shaba imekuwa nyeusi, plastiki pembeni imegeuka hudhurungi. Birika la wati 2000 huvuta karibu ampea 9. Kiungo kilicholegea kikiwa na ukinzani wa nusu omu tu, karibu wati 40 zinageuka joto kwenye skrubu ile moja, kila chai inapochemshwa. Breka ya ampea 16 haina la kusema, kwa sababu ampea 9 kwake ni halali. Kifaa tunachokitegemea kutulinda hakilioni joto la namna hii.

Alikata waya hadi shaba inayong'aa, akaufunga kwenye soketi mpya, akavuta kila waya kwa mkono kuhakikisha haujitoi. Lakini kazi iliyomchukua muda ilikuwa boksi: alilitoa, akakwangua udongo, akalisimika upya kwa saruji, akaacha breka imezimwa, akarudi kesho yake ilipokauka. Soketi ingebadilishwa na yeyote. Kuliona boksi kuwa ndilo mkosaji ndiko ninakokuheshimu.

RURA, mamlaka ya Rwanda inayodhibiti huduma kama umeme na maji, hutoa vibali kwa mafundi wa kufunga umeme, basi ukimwita mtu, muulize chake. Halafu mtazame testa yake inaanzia wapi. Akianzia kwenye soketi iliyokufa, mlipe nauli na utafute mwingine.