"Hiki si Kiswahili": Juu ya Hukumu za Wasomaji Wetu

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kukipasua kitabu sehemu mbili, fani na maudhui, kisha kuziunganisha tena mwishoni mwa makala. Katika kazi hiyo msomaji haonekani. Na akionekana, huonekana kama mtu anayengojea kuelezwa. Hata hivyo msomaji huyo ana hukumu zake, naye huzitoa kwa maneno machache: kitabu hiki kizuri, kile kigumu, hiki kinafundisha, kile hakifundishi kitu. Hapa Lubumbashi iko hukumu moja zaidi, ambayo nadhani haisikiki sana Unguja wala Mombasa. Nayo ni hii: "Hiki si Kiswahili."

Tunakusudia kuichunguza hukumu hiyo, pamoja na nyingine chache, kwa kufuata vitabu vilivyopita mikononi mwa wanafunzi wetu na mwa watu wengine wa mjini wanaopenda kusoma. Vitabu vyenyewe ni vya namna nyingi, wala hatukuvichagua kwa utaratibu wowote, ila kwamba vilisomwa na vikazungumzwa. Hatukuyahesabu maoni hayo. Tuliyasikiliza.

Tuanze na Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1951. Msomaji wa Lubumbashi akifungua kitabu hiki hukutana na sentensi ndefu zilizopangwa kwa mizani, zenye maneno ya asili ya Kiarabu ambayo hayasikiki sokoni Kenya wala Katuba. Mara nyingi husimama katika kurasa za kwanza na kutamka hukumu yake: hiki si Kiswahili, au kwa upole zaidi, hiki si Kiswahili chetu. Mwalimu humjibu kwamba hajakomaa katika lugha, aende akajifunze kwanza.

Jibu hilo halitoshi. Mwombe msomaji huyo huyo akusimulie habari za Karama. Atakusimulia jinsi mtu alivyoshitakiwa kwa kosa la kutaka kufundisha elimu ya sheria, na jinsi alivyojitetea kwa kuwakumbusha wakubwa wa nchi habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na maarifa, wakatiwa gerezani. Atasimulia kwa Kiswahili chake, akisema "batu" mahali ambapo Shaaban Robert ameandika "watu", na hatapoteza hata mjumbe mmoja. Kwa hiyo amekielewa kitabu. Anapokanusha kwamba ni Kiswahili, hasemi habari ya ufahamu bali habari ya umilikaji: lugha ile ina mwenyewe, na mwenyewe si yeye.

Sasa tumpe msomaji huyo kitabu cha pili. Mwaka 1965, mwaka mmoja kabla mji wa Elisabethville haujaitwa Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji kwa jina la chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani. Akaiita kwa Kifaransa Vocabulaire, ingawa si kamusi. Ilipigwa kwa taipu na kutolewa nakala, ikasambaa kwa mkono. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza na maelezo. Ndani yake waliokuwa wakiitwa maboi wanaeleza mji ulivyojengwa, wazungu waliowatumikia, na mambo waliyoyaona wakiwa jikoni na uani, mahali ambapo hakuna mwanahistoria aliyewahi kuketi. Lugha ni ile ya mji huu. Mtu angetazamia kwamba msomaji wa Lubumbashi atasema: hiki hapa, sasa nimefika kwetu.

Hasemi hivyo. Husema tena, "Hiki si Kiswahili," na safari hii kwa ukali zaidi, pengine kwa aibu. Maneno hayakugawanywa kama vitabu vinavyoyagawanya. Neno moja huandikwa kwa namna tofauti katika ukurasa mmoja. Nukta haziko mahali pake. Msomaji mmoja, mwanafunzi hodari wa isimu, alikirudisha kitabu akisema kwamba mwandishi hakujua kuandika. Mwingine aliuliza kwa nini chuo kikuu kisome makosa.

Hapo ndipo jambo la sauti linapoingia. Fabian mwenyewe, katika kuihariri kazi hiyo, aliona kwamba ukurasa peke yake haumfikishi msomaji mbali. Ilibidi maandishi yasomwe kwa sauti, na Kalundi Mango, mtu wa mji huu, ndiye aliyeyasoma na usomaji wake ukarekodiwa. Mtu anayejua lugha akiyatamka, maneno yaliyobandikana huachana, na pale palipoonekana fujo hutokea pumzi ya mtu anayesimulia. Tumelijaribu jambo hilo darasani zaidi ya mara moja. Wanafunzi waliokikataa kitabu kwa macho walikisikiliza kwa masikio bila kumwuliza msomaji maana ya neno lolote. Walicheka mahali pa kucheka, na wakanyamaza kabisa mahali panaposimuliwa mateso. Baada ya hapo hakuna aliyerudia kwamba si Kiswahili. Mmoja alisema tu kwamba ni maneno ya babu yake, na kwamba hakujua kuwa yanaweza kuandikwa.

Neno hilo la mwisho ndilo tunalotaka lishikwe. Hukumu moja imetolewa juu ya vitabu viwili: kimoja kwa sababu kiko mbali mno, cha pili kwa sababu kiko karibu mno. Kipimo ni kile kile. Tangu zamani za misheni na shule, mtu wa Katanga amefundishwa kwamba kuna Kiswahili bora, nacho kiko kwenye karatasi. Na kuna kile anachokisema, nacho hakina karatasi. Shaaban Robert anaangukia upande wa kwanza na Yav upande wa pili, na msomaji aliyesimama katikati anaonekana mgeni kwa yule na mwenye haya kwa huyu. Kumwambia akajifunze lugha zaidi ni kukinoa kipimo hicho hicho kinachomkata.

Kuna wenzetu watakaosema kwamba tunatetea uzembe wa maandishi. Hatutetei. Mwanafunzi anayeandika tasnifu na aandike kwa Kiswahili sanifu, na sisi wenyewe tunaandika hivyo hapa. Tunachokataa ni kuufanya usanifu wa tahajia uwe hukumu juu ya thamani ya kazi, maana kwa mlango huo Yav ametolewa katika fasihi na kuachiwa wanaanthropolojia, wakati kazi nyingine dhaifu kuliko yake zimeingia kwa sababu tu herufi zake zimenyooka.

Hukumu ya pili inayofaa kutazamwa ni ile ya kwamba kitabu "kinafundisha". Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971, kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa muda, baadaye kikaja kusomwa na wanafunzi hao hao waliokatazwa. Leo msomaji wetu akiulizwa juu ya kitabu hicho hujibu haraka kwamba kinawafundisha wasichana kujitunza. Jibu hilo ni la mtihani. Linasahau kwamba maangamizi ya Rosa hayaanzi na uhuru wake bali na kipigo cha baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana; linasahau kwamba Zakaria, mlevi anayelinda heshima ya nyumba asiyoilisha, anafikishwa mbele ya Mungu pamoja na binti yake. Kwa kweli waliokipiga marufuku walikisoma vizuri zaidi. Waliogopa, na mtu haogopi kitabu kinachowaambia watoto watulie. Katika mazungumzo yetu ni mwanamke mmoja tu, mama wa watoto wakubwa, asiyekuwa mwanafunzi, aliyesema waziwazi kwamba kitabu hiki wangekisoma kwanza wanaume. Hakuna aliyemwunga mkono, lakini hakuna aliyeweza kumjibu.

Kezilahabi huyo huyo amewapa wasomaji Nagona (1990) na Mzingile (1991), na juu ya vitabu hivyo viwili vifupi maoni yanakaribiana sana: sikuelewa. Tungeomba watu waseme hivyo bila haya. Aliyeandika Rosa Mistika aliweza kusema wazi alipotaka. Basi ugumu huu ameuchagua, na msomaji ana haki ya kuuliza umemfaa nini. Wahakiki wengi wamekimbilia kuufasiri mmoja mmoja ule mfumbo kabla ya kumwacha msomaji apotee kidogo, na kupotea, ndani ya kitabu ambacho jina lake lenyewe ni mzingile, huenda ndiko kusoma kwenyewe.

Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla (1960) hakina shida hiyo. Wasomaji hukimaliza. Msamiati wa Unguja huwapita hapa na pale, lakini wanataka kujua nani amemwua Bwana Ali, nao hufuatana na Bwana Msa mpaka mwisho bila kamusi. Wataalamu wamekishutumu kwamba ni cha kupitishia wakati na kwamba Bwana Msa ni mtoto wa Sherlock Holmes. Huenda ndivyo. Ila mwalimu anayetafuta kitabu cha kumtoa mwanafunzi katika hofu ya Kiswahili cha pwani hatapata dawa bora.

Juu ya tafsiri, wasomaji wetu wana faida ambayo wengine hawana, nayo ni Kifaransa. Anayekijua Le Marchand de Venise hushtuka anapoona kwamba Julius Nyerere, mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, alikiita kitabu hicho Mabepari wa Venisi. Neno mfanyabiashara lilikuwapo. Mwanafunzi aliyesema kwamba jalada peke yake tayari limekwisha mhukumu Shailoki na Antonio pamoja alisema kwa sentensi moja jambo ambalo lingejaza makala.

Tafsiri nyingine imeleta mjadala mkali zaidi. Paradise cha Abdulrazak Gurnah, cha mwaka 1994, kilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis, kikaitwa Peponi. Msafara wa tajiri Aziz unaondoka pwani na kuelekea bara, unavuka ziwa kubwa, na watu wa bara wanaitwa washenzi. Katika Kiingereza neno hilo lilikuwa mgeni kati ya maneno mengine. Katika Kiswahili liko nyumbani, na linauma. Msomaji mmoja mwenye asili ya kando ya Tanganyika alikifunga kitabu akasema, "Washenzi wa hadithi hii ni sisi." Wenzake walimweleza, na kwa haki, kwamba mwandishi anawafichua wafanyabiashara na wala hasemi kwa kinywa chao, kijana Yusuf mwenyewe ni rehani ya deni. Alikubali hayo yote. Kisha akauliza ni kitabu gani cha Kiswahili ambamo msafara unaonekana ukija, kwa macho ya waliosimama ng'ambo hii ya maji. Darasa lilitafuta, na jina lililotajwa mwisho likawa la Yav: si msafara, bali nyumba ya mzungu iliyotazamwa na aliyesimama jikoni.

Kwa ajili hiyo tunapendekeza kwamba Yav aingizwe katika somo la fasihi la mwaka wa kwanza, karibu na Kusadikika, wala asingojee somo la historia. Kipindi cha kwanza kiwe cha kusikiliza tu, asome mtu mzima wa mji mwenye sauti nzuri. Nakala zigawiwe juma linalofuata.