Haki ya Kuuliza: Msichana Mpelelezi katika The Girl Is Murder ya Kathryn Miller Haines

Utangulizi

Katika riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, anayeuliza maswali kwa kawaida ni mtu mzima. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyejulikana kwa wasomaji kupitia Mzimu wa Watu wa Kale (1960), huuliza kwa sababu umri na heshima yake vinampa ruhusa hiyo. Katika The Girl Is Murder (2011), Kathryn Miller Haines anamnyima mpelelezi wake ruhusa hiyo. Iris Anderson ana miaka 15, ni msichana, na anaishi New York mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani. Makala hii inashikilia kwamba fumbo kuu la riwaya si nani ametenda uhalifu, bali nani ana haki ya kujua.

Ukimya wa nyumbani

Baba yake Iris amepoteza mguu Pearl Harbor. Mama yake anasemekana kujiua. Wameacha mtaa wa wenye nacho na kuhamia Lower East Side, ambako baba anafanya upelelezi wa kukodiwa, kazi inayodai kumfuata mtu mitaani bila kuonekana. Iris anajitolea kumsaidia, baba anakataa. Anapogundua kwamba kijana aliyepotea, ambaye baba anamtafuta, ni mwanafunzi wa shule yake, anaifanya kazi hiyo kwa siri.

Haines anaisawiri vita kwa yale yasiyosemwa mezani zaidi kuliko kwa mizinga. Baba hasimulii yaliyompata, na kifo cha mama ni mwiko. Nia yake ni kumlinda mwanawe. Hata hivyo, mtoto aliyenyimwa maelezo hujitungia yake. Iris naye anajifunza kuficha: anawadanganya marafiki wapya ili wamwambie ukweli, na kila ukweli anaoupata unaligharimu urafiki. Riwaya ya pili, The Girl Is Trouble (2012), inapoifungua upya habari ya kifo cha mama, inathibitika kwamba ukimya ule haukuwa ngao.

Mavazi, tuhuma na Harlem

Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilibana matumizi ya sufu katika suti za wanaume. Suti za mabega mapana na suruali za kupwaya, zilizopendwa hasa na vijana weusi na wenye asili ya Meksiko, zikahesabiwa kuwa usaliti. Juni 1943, wanajeshi waliwashambulia waliozivaa mjini Los Angeles. Haines anayatumia mavazi hayo kwa ustadi: vijana wanaoyavaa wanakuwa washukiwa kabla ya ushahidi wowote, na msomaji hujikuta ameshiriki katika tuhuma hiyo.

Hapa ndipo pia udhaifu wa riwaya unapojitokeza. Usimulizi ni wa nafsi ya kwanza, hivyo Harlem inaonekana kwa macho ya mgeni: muziki, densi, hatari. Wenyeji wanatazamwa zaidi kuliko wanavyosikilizwa. Riwaya inayomdai mtu mzima amjibu Iris haiwapi watu wa Harlem nafasi ya kuuliza lao.

Hitimisho

Katika kanda hii, familia nyingi zinabeba kumbukumbu za vita, na mtoto huambiwa asichunguze mambo ya wakubwa. Kwa hiyo riwaya hii inawahusu wanaoshauri kuhusu vitabu vya ziada vya shule. Kigezo cha uteuzi kisiishie kwenye maadili ya mhusika, kwani kwa kigezo hicho Iris, aliye mwongo, angekataliwa mapema. Iulizwe pia kwa nini alilazimika kudanganya, na ni mtu mzima gani angeweza kumwepusha na uongo huo kwa kumjibu. Mwandishi wa Kiswahili atakayemuumba mpelelezi wa umri huu atakuwa na kazi moja zaidi ya aliyoifanya Haines: kumpa haki ya kuuliza pamoja na wale anaowahoji.