Kicheko cha Unga wa Yanga

Ndugu msomaji, siku hizi watu wazima wakikutana barazani, iwe Tanga au huku Nambis wilayani Mbulu, hawakawii kufika kwenye miaka ya uhaba. Mmoja hutaja unga wa mahindi ya njano, uliopewa jina la Yanga kwa rangi ya jezi za timu ile. Mwingine hutaja majani ya mpapai yaliyofulia nguo pasipo sabuni, au katambuga za matairi zilizochubua vidole. Watu hucheka mpaka machozi. Na papo hapo hutajwa vitabu vilivyopokezanwa mpaka majalada yakang'oka: Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla (1965), na Kufa na Kupona (1974) na Kikosi cha Kisasi (1979) vya Elvis Musiba.

Kucheka si haramu. Mtume (S.A.W.) alifanya mzaha na masahaba zake, ila hata katika mzaha hakusema isipokuwa kweli. Basi kipimo na kiwe hicho.

Tuanze na vitabu. Hapana shaka Musiba alijua kusimulia. Kiswahili chake ni chepesi, na vijana wengi walizoea kusoma kwa sababu yake. Jasusi wake, Willy Gamba, huwatetea wapigania uhuru wa Afrika, na hilo ni jema. Lakini tazama maisha anayopambwa nayo: ndege, hoteli kubwa, ulevi na wanawake, mithili ya James Bond wa Waingereza. Aliyemsoma mwaka 1981 alimsoma kwa kibatari, asijue kama kesho duka la kaya litakuwa na sukari. Kitabu kilimsahaulisha dhiki kwa saa mbili, kisha kikamwacha palepale.

Linganisha na Kuli cha Shafi Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1979. Humo tunawaona wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Msomaji huonyeshwa riziki inatafutwa kwa jasho gani, na ni nani anayeneemeka nayo. Akikifunga kitabu anajua kwa nini sahani ya maskini ilikuwa tupu.

Upungufu wa Willy Gamba ndio uliomo katika vichekesho vyetu. Tunasimulia rangi ya unga, hatusimulii sababu zake: ukame, bei ya mafuta iliyopanda, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na mashirika ya umma yaliyoshindwa kufikisha bidhaa kwa watu. Juu ya hayo walikuwako waliofungia sabuni ghalani wakaiuza kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1983 Edward Sokoine, Waziri Mkuu, alipoongoza msako wa wahujumu uchumi, watu walizitupa vichakani bidhaa walizozificha, na wasio na hatia nao walikumbwa. Hayo mbona hayachekeshi?

Aliyekesha kwenye foleni alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni. Zilikuwako nyumba zilizofiwa zikahangaika kutafuta sanda. Vijiji vya milimani kama Nambis hulima mahindi yake, lakini chumvi, sabuni na mafuta ya taa hutoka mbali, na kinachotoka mbali ndicho kilichotangulia kukosekana.

Sisemi tununue huzuni. Aliyekula unga ule ana haki ya kuucheka, kwani ameulipia. Lakini mtoto anayesikia kicheko peke yake atadhani dhiki ilikuwa mchezo, na kesho akiwa mwenye duka hataona ubaya wa kuficha gunia. Msomeeni Suratul Mutaffifin, ajue hesabu ya wanaopunja watu vipimo, kisha msimulieni foleni na mwisho wake. Nanyi waandishi, andikeni riwaya ya miaka ile yenye kicheko chake chote, na ndani yake muweke ghala, ufunguo wake, na jina la kazi ya aliyeushika.

Wabillahi tawfiq.