Mamluki, Mkufunzi, Mwalimu: Tatizo la Kumwita Byleth kwa Kiswahili

Mwalimu mmoja wa Kiswahili katika shule ya sekondari pande za Suguti, mkoani Mara, ametuletea swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana dogo. Aliwataka wanafunzi wake waandike sifa za mhusika mkuu wa hadithi yoyote waipendayo. Mwanafunzi mmoja, badala ya kuchagua riwaya au tamthilia, alichagua mchezo wa video aliouona kwa ndugu yake mjini Musoma, akaanza insha yake kwa kusema kwamba mhusika wake ni "mamluki mkavu aliyegeuka kuwa profesa". Darasa zima likaangua kicheko. Kwao mamluki ni mchezaji wa mpira anayeingizwa kwa siri katika timu ya shule ilhali si mwanafunzi wa shule hiyo. Mkavu ni mtu asiye na haya. Na profesa ni mtu wa Chuo Kikuu. Mwalimu anauliza: je, mwanafunzi alikosea, au ni lugha iliyompungukia?

Tumeona vema kulijibu swali hili kwa urefu, kwa sababu linawahusu wafasiri na walimu wote. Michezo ya namna hii ni hadithi ndefu zinazosomwa na kutazamwa na vijana wetu kwa saa nyingi, nayo huwafikia kwa lugha za kigeni. Vijana wakitaka kuisimulia kwa Kiswahili, hutegemea istilahi tulizowaandalia. Tusipowaandalia watachukua zilizo karibu, na zilizo karibu si zote zinazofaa.

Mchezo wenyewe unaitwa Fire Emblem: Three Houses. Ulitengenezwa na makampuni ya Kijapani ya Intelligent Systems na Koei Tecmo, ukatolewa na Nintendo mwezi wa Julai 2019. Ni wa aina ambayo sisi tunapendekeza iitwe mchezo wa uhusika, yaani mchezo ambao mchezaji huvaa nafsi ya mhusika na kuamua baadhi ya maneno na matendo yake. Mhusika huyo ni Byleth, mtoto wa Jeralt, kiongozi wa kikosi cha askari wanaopigana kwa malipo katika bara la kubuni la Fódlan. Siku moja Byleth anawaokoa vijana watatu kutoka mikononi mwa majambazi. Vijana hao ni wanafunzi wa chuo cha maofisa kilichomo katika monasteri ya Garreg Mach, na kila mmoja ni mrithi wa dola au utawala wake: Edelgard, Dimitri na Claude. Askofu mkuu Rhea anamteua Byleth kufundisha chuoni, naye anachagua nyumba moja kati ya tatu. Baada ya miaka mitano ya hadithi, vita kuu inawakuta wanafunzi wa zamani katika pande mbalimbali, na mwalimu wao hana budi kupigana na baadhi yao.

Tuanze na neno mamluki. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kitu au mtu anayemilikiwa. Limetoka katika mzizi uleule uliotupa miliki, milki, malkia na mamlaka. Mamluki wa Misri na Shamu, waliotawala tangu 1250 hadi 1517, walikuwa askari walionunuliwa utotoni na kufunzwa vita. Hawakuwa watu wa kukodiwa, bali wa kumilikiwa. Katika Kiswahili maana imehama. Miaka ya 1960 askari wa kizungu wa Mike Hoare walipigana Kongo kwa malipo. Mwaka 1978 Bob Denard aliipindua serikali ya Komoro. Na mwezi wa Novemba 1981 Hoare huyohuyo alijaribu kuipindua serikali ya Shelisheli akashindwa. Kwa mambo kama hayo neno mamluki likawa laana katika siasa zetu. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mkataba wa kuukomesha umamluki mjini Libreville mwaka 1977, nao ukaanza kutumika mwaka 1985. Kutoka hapo neno likaingia katika michezo ya shule, na hata katika uchaguzi, ambako husikika habari za wapiga kura mamluki. Katika matumizi yote haya maana iliyobaki ni moja: mtu wa nje aliyepenyezwa kwa hila.

Je, Byleth ni mtu wa namna hiyo? Tukipima kwa sheria, Itifaki ya Kwanza ya nyongeza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, yataka mamluki awe na sifa kadhaa kwa pamoja. Miongoni mwazo ni kwamba awe ameajiriwa mahsusi kupigana katika vita fulani, asukumwe na tamaa ya faida ya binafsi, na asiwe raia wala mkazi wa nchi ya upande wowote unaopigana. Byleth ni mkazi wa Fódlan, na mara tunapokutana naye kikosi cha baba yake kinawakinga wanakijiji na majambazi. Kwa hiyo neno mamluki linamhukumu kabla hajatenda lolote. Tunapendekeza aitwe askari wa kukodiwa. Istilahi hii ni ndefu, tunakubali, lakini inaeleza kazi bila kutoa hukumu, na msomaji anabaki huru kuamua mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba mfasiri ana haki ya kutoa hukumu, nao wanao mfano mashuhuri uliotoka mkoa huuhuu wa Mara. Julius Nyerere wa Butiama alipokifasiri kitabu cha Shakespeare mwaka 1969, aliwaita wale wafanyabiashara wa Venisi mabepari. Ilikuwa miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, na kila msomaji alielewa neno hilo linampeleka wapi. Sisi hatumlaumu. Mfasiri yule alijua anachofanya, akakifanya waziwazi, na katika jina la kitabu chenyewe. Tunachokilaumu ni hukumu inayoingia bila mfasiri kujua, kwa sababu tu kamusi ilimpa neno moja naye hakutafuta la pili.

Sifa ya pili ni ule "ukavu". Mchezo unatuonyesha mtu asiyecheka wala kulia, asiyesema ila maneno machache ambayo mchezaji humchagulia. Askari wenzake wamempa jina la kutisha ambalo tungelifasiri Zimwi la Majivu. Wafasiri wa Biblia walikwisha kutupa neno Wastoiko katika Matendo ya Mitume, lakini hilo ni jina la wafuasi wa falsafa fulani ya Wayunani, nalo halifai kwa kila mtu mtulivu. Neno linalokuja upesi ni mstahimilivu. Hapa twaomba hadhari. Kustahimili ni kubeba mzigo. Neno hili lina undugu na himili na hamali. Asiyehisi uzito hawezi kuitwa mstahimilivu. Byleth wa mwanzo hana mzigo anaoubeba: shajara ya baba yake inatuarifu kwamba tangu kuzaliwa moyo wake haukupiga. Huyo ni mkimya tu. Ni pale Jeralt anapouawa ndipo Byleth analia kwa mara ya kwanza, na baada ya hapo anarudi darasani kuwafundisha vijana wanaomtegemea. Kuanzia hapo ndipo anapostahili kuitwa mstahimilivu. Lugha yetu ina maneno mawili kwa hali hizi mbili, na mfasiri atakayetumia moja tu tangu mwanzo hadi mwisho atakuwa ameyaficha mabadiliko makubwa kuliko yote ya mhusika huyu.

Tufike sasa kwenye neno lililo zito kuliko yote. Katika Kijapani wanafunzi humwita kwa neno moja wanalomwitia mwalimu yeyote. Wafasiri wa Kiingereza walilitawanya neno hilo katika sehemu tatu: wanafunzi wengi humwita Profesa, Edelgard humwita Mwalimu wangu, na Claude humwita kwa mkato wa kirafiki. Katika Kiswahili Profesa haifai, kwa kuwa kwetu ni daraja la Chuo Kikuu, ilhali Garreg Mach ni chuo cha maofisa. Tunapendekeza kwamba kazi aliyopewa iitwe ukufunzi, naye katika usimulizi aitwe mkufunzi, kama tunavyowaita wanaofundisha katika vyuo vyetu. Wanafunzi wamwite Mwalimu. Edelgard aseme Mwalimu wangu. Na Claude, kijana wa mzaha, aseme Ticha, kama wasemavyo vijana wetu wenyewe.

Kwa nini tunautenga ukufunzi na Mwalimu? Kwa sababu ukufunzi hutolewa na mwajiri kwa siku moja, na Mwalimu, kama jina la heshima, hutolewa na wale waliofundishwa. Watu wa Musoma, Bunda na Butiama hawahitaji kuelezwa jambo hili. Mtoto wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alifundisha Tabora na baadaye Pugu, na mwaka 1955 aliacha kazi ya kufundisha ili aendelee na siasa. Mshahara wa ualimu ukakoma, jina la Mwalimu likabaki mpaka alipofariki mwaka 1999, na lipo hadi leo. Hatumlinganishi mtu wa kweli na mtu wa kubuni. Tunalinganisha matumizi ya neno.

Na hapa ndipo tunapokuwa na neno la kuukosoa mchezo wenyewe. Wengi husema ni hadithi ya askari wa kukodiwa aliyegeuka mwalimu. Sisi tunauliza: amegeuka lini? Rhea anapomteua, Byleth amebadilisha mwajiri tu. Jana alilipwa na wanakijiji, leo analipwa na kanisa. Anaichagua nyumba ya kufundisha baada ya mazungumzo mafupi, na chaguo hilo ndilo litakaloamua kwa sehemu kubwa nani atakuwa adui yake miaka mitano baadaye. Anawafundisha vijana upanga, mkuki na upinde, na kila mwezi anawapeleka vitani kwa amri ya mwajiri. Ni kweli kwamba anakula nao, anakunywa nao chai, anawarudishia vitu vilivyopotea na kujibu barua zao za kuomba ushauri. Mambo haya ni mazuri na yamebuniwa kwa uangalifu. Lakini yeye mwenyewe hasemi anaamini nini. Wanafunzi wanaimwaga mioyo yao mbele ya mtu anayeitikia kwa kichwa. Ukimya unaomfaa askari wa zamu si lazima umfae mwalimu, ambaye kazi yake ni kusema na kujibiwa.

Hata hivyo ipo njia moja ambamo mgeuko unatokea kweli. Aliyechagua nyumba ya Edelgard hufika mahali ambapo Rhea anamwamuru amwue mwanafunzi wake. Mchezaji anaweza kutii, au anaweza kusimama upande wa Edelgard na kuachana na mwajiri wake. Atakayesimama na Edelgard huenda amekosea kisiasa, maana Edelgard ndiye anayeianzisha vita. Lakini kwa mara ya kwanza Byleth anapigana bila kuambiwa na anayemlipa. Mfasiri aliyeandika Profesa tangu mwanzo hana neno lililobaki kwa ajili ya saa hiyo. Aliyeandika mkufunzi katika usimulizi, na kumwachia Edelgard aseme Mwalimu wangu, ataweza sasa kulihamishia neno Mwalimu katika usimulizi wenyewe, na msomaji atajua kwamba jambo limetokea.

Katika njia nyingine hali ni ya kuhuzunisha zaidi. Uwanja wa Gronder, ambapo nyumba tatu zilishindana kwa mazoezi, unakuwa uwanja wa mauti katika njia mbili kati ya nne. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Lile Zimwi la Majivu linawajua wote, limewafundisha wote, na bado linawaua baadhi yao. Kwa ajili hiyo hatutaki jina la Mwalimu litumike kulisafisha jina la askari. Yote mawili yawepo katika tafsiri, kila moja mahali pake.

Jambo moja litamfurahisha mfasiri. Byleth huweza kuwa mwanamume au mwanamke kwa hiari ya mchezaji, na lugha zenye jinsia katika viwakilishi zimetaabika kwa hilo. Kiswahili hakina taabu hiyo: kiambishi a- kinawatosha wote.

Kwa mwalimu wa Suguti tunajibu hivi. Mwanafunzi wako hakukosea peke yake, sisi tulichelewa. Iandike upya sentensi yake pamoja naye: "Byleth ni askari wa kukodiwa, mkimya, aliyepewa ukufunzi, na baadaye wanafunzi wake wakamfanya Mwalimu." Kisha liulize darasa ni wakati gani hasa walipomfanya hivyo. Tunaamini hapatakuwa na kicheko, bali ubishi wa kufaa, nasi tungefurahi kuletewa hoja zao pamoja na istilahi bora kuliko hizi.