Gazeti la Stensili: Jinsi The Adakian Lilivyotengenezwa

Adak ni kisiwa kisicho na msitu katika safu ya Aleutian, inayotoka Alaska kuelekea Urusi. Jeshi la Marekani lilitua huko mwishoni mwa Agosti 1942. Wahandisi wake wakakausha wangwa uliokuwa ukifunikwa na maji ya bahari, wakatandika mabamba ya chuma yenye matundu, na kufikia katikati ya Septemba ndege zilikuwa zikipaa kutoka hapo kwenda kuwapiga Wajapani waliokuwa wamekiteka kisiwa cha Kiska. Mwaka mmoja baadaye kisiwa hicho kilikuwa kimekombolewa. Vita vikasogea mbali, lakini maelfu ya askari wakabaki Adak kutunza uwanja, maghala na karakana, katikati ya tope, ukungu na upepo.

Kwa ajili ya watu hao, mwanzoni mwa 1944 Brigedia Jenerali Harry Thompson alimkabidhi koplo mmoja kazi ya kuanzisha gazeti la kila siku. Koplo huyo alikuwa Dashiell Hammett, mtunzi wa riwaya ya upelelezi The Maltese Falcon, aliyejiandikisha jeshini akiwa na miaka 48 ingawa mapafu yake yalikuwa yamewahi kushikwa na kifua kikuu. Gazeti likaitwa The Adakian.

Wengi wanaolisimulia huishia kwenye jina la mhariri. Mimi naona ufundi wake ulianzia kwenye mashine. The Adakian halikupigwa chapa kwa herufi za risasi. Lilidurufiwa kwa stensili, njia ileile iliyotumika kutoa mitihani ya shule zetu kabla ya kompyuta. Mpiga taipu huondoa utepe wa wino ili herufi ziigonge moja kwa moja karatasi nyembamba iliyopakwa nta. Kila herufi huacha upenyo. Stensili huvishwa kwenye silinda yenye wino, silinda ikazungushwa, na wino hupita penye upenyo ukaangukia kwenye karatasi. Ukiigonga herufi „o“ kwa nguvu mno, kiini chake hudondoka na nakala zote hutoka na doa jeusi. Ukikosea neno, unaliziba kwa dawa, unangoja ikauke, kisha unapiga taipu upya juu yake. Na kadiri silinda inavyozunguka, stensili inachoka, hulegea, hatimaye huchanika.

Mashine hii ina mambo inayoyakataa. Picha ya kamera haiiwezi vizuri, kwa kuwa vivuli laini hugeuka mawingu ya wino. Habari iliyochelewa haichomekwi katikati ya ukurasa, maana kilichokwisha kukatwa kwenye nta hakisogezwi. Maneno ni lazima yapimwe kabla kidole hakijagusa kitufe. Hapo ndipo naamini Hammett alikuwa mtu anayeifaa kazi hiyo kuliko waandishi wengi wa magazeti makubwa, kwa sababu hadithi zake zilikuwa zimemfundisha kutaja kitendo na kukiacha. Habari za dunia zilinaswa kwenye redio, zikafupishwa na kukatwa kwenye stensili usiku, ili askari azikute asubuhi.

Kufupisha huko kulidai uelewa. Askari wa Adak hakuwa na gazeti jingine la siku hiyo la kujazia mapengo. Akisoma kwamba jeshi fulani limevuka mto fulani huko Ulaya, alihitaji kujua mto huo uko wapi na kwa nini kuuvuka ni jambo kubwa. Hammett alilichukulia hitaji hilo kwa heshima. Ushahidi mzuri ni kijitabu The Battle of the Aleutians, alichokiandika pamoja na askari mwenzake Robert Colodny na kilichotolewa 1944 hukohuko kisiwani: kinawaeleza askari mapigano ya visiwa vyao hatua kwa hatua, kwa maneno machache na michoro. Naona aliamini kuwa kuruta anayefagia karakana ya ndege ana haki ya kuelewa vita kama ofisa anavyovielewa.

Ila kulikuwa na jambo moja gumu. Habari kubwa za kisiwa zilikuwa siri. Idadi ya ndege, safari zake, hata hali ya hewa, ambayo katika eneo lile iliamua nani apae na nani arudi, ni mambo ya kuchungwa yasimfikie adui. Gazeti la kambi lingeiandikaje kambi?

Jibu lilikuwa katuni, nami nadhani hili ndilo jambo bora kuliko yote waliyoyafanya. Mchoro wa mstari ndio stensili inaoupenda: mchoraji huweka stensili juu ya kioo chenye taa chini yake, kisha hukata mistari kwa kalamu ya chuma bila kuipasua. Don Miller, Bernard Anastasia na Oliver Pedigo walichora mvua, tope, upepo unaomwangusha mtu, na uchovu wa kungoja barua. Hakuna aliyetoa siri, lakini kila askari alijiona. Mwaka 1945 michoro hiyo ilikusanywa katika kitabu, Wind Blown and Dripping, na ukikipitia unayapata maisha ya Adak zaidi kuliko katika taarifa nyingi za kijeshi.

Miller alikuwa Mmarekani mweusi, na hakuwa mweusi pekee katika chumba kile cha habari. Jeshi la Marekani wakati huo liliwatenga askari weusi katika vikosi vyao. Amri ya Rais Truman ya kukomesha ubaguzi huo ilitoka Julai 1948. Kwenye meza ya The Adakian weusi na weupe walikuwa wakifanya kazi pamoja tangu 1944, chini ya mhariri mmoja, wakikesha juu ya gazeti moja.